Juu ya Neno "Yet" la Kiingereza, na "Bado" na "Angali" za Pwani ya Tanga

Katika maneno ya Kiingereza yanayowatia walimu wetu taabu, hakuna dogo kama "yet", wala hakuna linaloonekana jepesi kuliko hilo. Mtoto wa darasa la chini hulijua. Akiulizwa maana yake hujibu mara moja, "Bado," naye mwalimu humpa alama yake. Lakini mtoto huyo huyo na apewe Waraka kwa Warumi, sura ya 5, katika Biblia ya Kiingereza cha zamani, aufasiri kwa maneno yake mwenyewe. Afikapo aya ya 8, pale Mtume anapoeleza tulikuwa katika hali gani Kristo alipokufa kwa ajili yetu, atakuta "yet", naye ataweka "bado" yake palepale, mbele ya "wenye dhambi". Mzee wa Pangani au wa Tongoni akisomewa hayo aweza kufahamu kwamba Bwana alikufa wakati watu walipokuwa hawajawa wenye dhambi, yaani kinyume kabisa cha maneno ya Mtume.

Sisi tumelisikia kosa hili kwa masikio yetu, si mara moja, wala si kwa wanafunzi peke yao. Kwa hiyo tumeona vema kuwaandikia ndugu zetu walimu na mapadre habari za neno hili kwa urefu kidogo: latoka wapi, lilikutanaje na maneno ya pwani, na kwa sababu gani maneno ya pwani yaliyokuwa mawili yanaelekea kuwa moja.

"Yet" ni neno la asili katika Kiingereza, halikuazimwa. Waingereza walikuwa nalo kinywani kabla Wanormani hawajaiteka nchi yao mwaka 1066. Katika Biblia iliyotolewa kwa amri ya Mfalme James mwaka 1611, na katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, neno hili hufanya kazi nne. Likiwa pamoja na neno la kukana, huonyesha jambo linalongojewa ambalo halijatukia. Likiwa peke yake pasipo kukana, huonyesha hali iliyokuwapo tangu hapo, nayo haijakoma. Kazi hii Waingereza wa siku hizi wamempa mwenziwe "still", ambalo asili yake lilikuwa sifa ya kitu kilichotulia kimya. Katika swali, huuliza kama jambo limekwisha kutukia. Na mwisho, huunganisha maneno mawili yanayopingana, kama sisi tusemavyo "walakini" au "hata hivyo". Wamisionari waliokuja kwetu katika karne ya 19 walilelewa kwa Biblia ile ya 1611, na "yet" iliyokuwa masikioni mwao ilikuwa hiyo yenye kazi nne, si hii ya Kiingereza cha leo ambayo imepungukiwa.

Hiyo kazi ya nne haitatuchelewesha, ila twataka kutoa onyo moja. Katika Waraka kwa Waebrania, sura ya 4, Biblia ya Kiingereza yasema kwamba Kuhani wetu Mkuu alijaribiwa kama sisi, kisha yatia "yet", kisha yataja kutokuwa na dhambi. Katika Kiyunani hapana hata neno moja lililo sawa na "yet" mahali hapo. Wafasiri wa Kiingereza walilitia ili sentensi yao iende vizuri. Asomaye akitia "bado" hapo, atakuwa amesema kwamba Bwana hajatenda dhambi mpaka sasa, kana kwamba twangoja. Wala ile ya tatu si ngumu. Mwingereza aulizapo kama mtu amekuja, akatia "yet" mwisho, mwanafunzi huandika "Amekuja bado?" Hakuna mtu wa Tanga asemaye hivyo. Husema "Amekwisha kuja?" au, kwa lugha ya barazani, "Keshakuja?" Anayejibu ndiye asemaye "Bado". Swali lina neno lake na jibu lina lake. Mwingereza amezoea kuweka neno moja katika yote mawili.

Shida yenyewe imo katika zile mbili za kwanza. Hapo yatupasa kulitazama kwanza neno letu "bado".

"Bado" si la Kibantu. Limetoka katika Kiarabu, "baadu", nalo ni ndugu wa tumbo moja na "baada" na "baadaye". Maana iliyo chini ya hayo yote ni mambo ya nyuma ya mengine, yaani yaliyosalia mbele ya msafiri. (Wengine hudhani "baadhi" ni la ukoo huo huo, kwa kuwa husikika hivyo mdomoni mwetu; sivyo, herufi ya mwisho katika Kiarabu ni nyingine, na maana yake ni sehemu ya kitu.) Waarabu wenyewe hulitumia pamoja na kukana, kwa jambo ambalo halijatukia, na katika nchi zao nyingi hulitumia pia kwa hali inayoendelea. Kwa hiyo "bado" lilipofika pwani yetu lilikuwa na pande mbili tayari, wala hatuwezi kuwalaumu Waingereza kwa kila jambo.

Lakini watu wa pwani walilichukua wakalikalisha upande mmoja zaidi ya wa pili. Asikilizaye mazungumzo ya sokoni Tanga, au ya wapakiaji mtoni Pangani, atagundua kwamba maana ya kwanza ya "bado" ni kwamba kuna kitu kilichosalia. Nahodha akiulizwa kama chombo kimekwisha kupakiwa, hujibu, "Bado magunia kumi." Wanaohesabu siku za Ramadhani husema, "Bado siku tatu." Wachezao bao husema, "Bado wewe," maana zamu ya huyo ndiyo iliyosalia. Na "bado kidogo" ni jibu la kila fundi duniani. Katika maneno haya yote hakuna kitenzi cha kukana, wala hakuna hali inayoendelea. Kuna deni tu. Anayesema "bado" anakiri kwamba jambo lipo mbele yake na hajalifikia.

Ndiyo sababu mwenziwe wa karibu ni kile kipande cha Kibantu "-ja-". Mzungu ajifunzapo Kiswahili huona ajabu kwamba tuna njia mbili za kusema kwamba jambo halikutendeka: "hakuja" na "hajaja". Ya kwanza imefunga hesabu. Siku ilipita, mtu hakuonekana, basi. Ya pili imeiacha hesabu wazi, maana angali anangojewa. Wala haina haja ya "bado" hata kidogo. Ukisema "hajaja bado" umetia mkazo tu. Katika Injili ya Yohana, sura ya 2, Bwana anapomwambia Mama yake habari ya saa yake, Biblia ya Union, iliyotoka kamili mwaka 1952, hutumia "haijawadia" peke yake, nayo yatosha. Mwalimu akifundisha imani ya Majilio kwa watoto, na asifanye mchezo na vipande hivi. "Bwana hajarudi" ni imani ya Kanisa. "Bwana hakurudi" ni neno la mtu aliyekata tamaa.

Kipande hiki "-ja-" huonekana hata mahali ambapo Mwingereza hangekana kabisa. Sisi husema "kabla hajafika", naye husema kwa lugha yake "kabla alifika". Tumeona daftari za wanafunzi ambamo "kabla hajafika" imepigwa mstari mwekundu kuwa ni kosa, kwa hoja kwamba mtu huyo alifika hatimaye, basi kwa nini kukana? Hoja hiyo ni ya Kiingereza. Kwa mtu wa pwani, wakati ule unaotajwa kufika kulikuwa kungali mbele, na ulimi wake wasimama katika wakati ule ule, hautazami nyuma kutoka leo. Katika Yeremia, sura ya 1, aya ya 5, pale Mungu anapomwambia nabii kwamba alimjua tangu tumboni, Biblia ya Union hutia "-ja-" baada ya "kabla", mara mbili katika aya moja. Mwenye wino mwekundu na aanze na hiyo.

Lakini kwa kuwa "-ja-" huonyesha jambo linalongojewa, yataka adabu. Kijana mmoja wa bara, aliyekuja kufundisha karibu na Muheza, alikwenda kumwamkia mwenyeji wake, akataka kumwuliza habari za babu wa nyumba ile aliyekuwa mgonjwa. Kiingereza alikijua vizuri, na katika kichwa chake swali lilikuwa kama babu yu hai. Akasema, "Shikamoo mama. Je, babu hajafa?" Mama wa nyumba akanyamaza, akaingia ndani, na chakula cha siku ile kilikawia sana. Hakuelewa kosa lake mpaka alipoambiwa na mwalimu mwenziwe kwamba amemwuliza yule mama kama kifo wanachokingoja kimekawia. Alipasa kuuliza, "Babu angali hai?" au, kwa heshima zaidi, "Babu hajambo?" Methali yetu isemayo "Hujafa hujaumbika" hukitaja kifo kwa makusudi, maana humwambia kila mtu, na kila mtu ana deni hilo. Kumtajia mgonjwa mmoja kwa jina lake ni jambo lingine.

Basi tumefika kwenye "angali", na hapo ndipo tunapotaka kukaa.

Hii ndiyo iliyokuwa njia ya pwani ya kusema hali iliyokuwapo nayo haijakoma: angali mgonjwa, tungali njiani, mvua ingali ikinyesha, nafasi ingaliko. Watu wa Mombasa na wa kaskazini yake husema pia "yungali". Ni neno la Kibantu, hubeba kiambishi cha mtu au cha kitu mbele yake kama kitenzi chochote, na maana yake ni moja tu. Halihesabu deni; hutazama kitu kilichopo na kusema kwamba kingalipo. Kwa hiyo penye "yet" moja ya Mfalme James, mwenyeji wa pwani alikuwa na milango miwili: "bado" pamoja na "-ja-" kwa lililosalia, "angali" kwa linaloendelea.

Walimu waliosoma Kiyunani watakumbuka hapo jambo la kupendeza. Agano Jipya katika lugha yake ya asili lina maneno mawili vilevile. Kwa linaloendelea lina "eti" (lisichanganywe na "eti" yetu ya kudhihaki, ingawa wanafunzi wa chuo cha teolojia hawawezi kujizuia kucheka walisikiapo mara ya kwanza). Kwa lisilotukia lina "oupo". Mwana Mpotevu katika Luka 15 alikuwa "eti" mbali baba yake alipomwona. Katika karamu ya Luka 14 palikuwa "eti" na nafasi. Katika Warumi 5 sisi tulikuwa "eti" wenye dhambi. Lakini saa ya Bwana huko Kana ilikuwa "oupo". Kiingereza cha 1611 kiliyatia haya yote manne katika "yet", wakaliacha lile neno la kukana litofautishe. Kiswahili hakikuhitaji kuyachanganya, wala waliotafsiri Biblia ya Union hawakuyachanganya: kwa mahali pale patatu pa kwanza walitumia "angali", "ingaliko" na "tungali". Twaweza kusema pasipo kujivuna kwamba katika jambo hili dogo Kiswahili cha pwani kilisimama karibu na Mtakatifu Luka kuliko Kiingereza cha Mfalme James.

Lakini mtu akifungua leo Biblia ya Habari Njema, iliyotolewa katika miaka ya 1990 kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili cha kawaida, atakuta "bado" katika Warumi 5 na katika Luka 15, palepale palipokuwa na "tungali" na "angali". Hatuwalaumu wafasiri wake. Walitaka kuandika kama watu wasemavyo, na watu wengi siku hizi ndivyo wasemavyo. "Bado anasoma" haimshangazi mtu Tanga wala Dar es Salaam, na hata wazee walisema "yupo bado" na wakaeleweka. Penye kitenzi, shida ni ndogo, kwa kuwa kitenzi chenyewe hutuambia kama jambo linatendeka au halijatendeka. Shida huzuka pasipo na kitenzi, pale "bado" linapowekwa mbele ya jina tupu. "Huyu bado padre." Je, ni padre mpaka leo, au hajapewa daraja? Tumewauliza watu wazima sentensi hii mara nyingi, nao hugawanyika. Mmoja husema yu padre hata sasa, na mwingine husema angali shemasi. Weka "angali padre" na "hajawa padre", na ugomvi umekwisha. Na "bado wenye dhambi" ni sentensi ya namna hiyo hiyo, ila si cheo cha mtu kinachoshindaniwa hapo.

Twauliza sasa, ilikuwaje hata "angali" ikadhoofika hivi? Hapa twaingia katika historia ya nchi yetu.

Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Mwaka 1867 alikuwa amekwisha kuchapa huko Unguja kitabu kidogo cha Kishambala, na mwaka 1868 misheni ya Magila katika nchi ya Bonde ikaanza. Kitabu chake cha Kiswahili kilitoka mwaka 1870, naye akawekwa askofu mwaka 1874. Mwaka 1882, mwaka aliofariki Steere, Padre Woodward alitoa kitabu chake cha Kibondei. Twataja miaka hii ili kukumbusha kwamba Kiswahili cha misheni katika nchi ya Tanga hakikutoka Tanga. Kilivuka bahari kutoka Unguja. Na waliokileta hawakuwa Wazungu peke yao: walikuwa vijana wa Kiungani, wengi wao watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa, ambao lugha za mama zao zilikuwa Kiyao, Kinyasa na nyingine za mbali. Hao walikifundisha Kiswahili kwa Wabondei, ambao nao walikuwa na lugha yao. Mwalimu na mwanafunzi wote wawili walikuwa wageni katika lugha waliyokutana ndani yake. Twaonavyo sisi, watu wa namna hiyo huchukua neno lisilobadilika. "Bado" halibadiliki; ni lile lile kwa mtu, kwa mti, kwa mvua. "Angali" huwa ningali, tungali, ungali, ingali, zingali, na kila moja lataka kujua ngeli.

Kisha wakaja Wadachi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 serikali yao ilifungua shule Tanga, na huko wakafundishwa makarani na walimu waliopelekwa kila upande wa nchi. Kidachi kina neno "noch". Likiwa peke yake ni hali inayoendelea, likiwa na neno la kukana ni jambo lisilotukia. Lafanana na "bado" kama kiatu na mguu wake, na mwalimu Mdachi aliyelijua "bado" hakuwa na sababu ya kutafuta jingine. Twasema haya kwa kukisia, lakini si kukisia kwa mbali. Karl Roehl wa misheni ya Bethel, aliyefanya kazi Usambara na kuandika sarufi ya Kishambala mwaka 1911, alitoa baadaye tafsiri yake ya Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, akijitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu. Ni kazi ya heshima, lakini yeyote aliyejaribu njia hiyo atakubali kwamba kuna maneno ya Kiarabu yasiyong'oka tena, na "bado" ni mojawapo. Limeota mizizi kuliko mengi ya Kibantu.

Jambo la tatu lilitoka kwa wasomi, nalo halikukusudiwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1930. Shule zikapata sarufi moja. Katika sarufi hiyo kila mtoto hujifunza "-nge-" na "-ngali-" kuwa alama za sharti: angekuja, angalikuja. Hujifunza kwa bidii, kwa maana mitihani huyapenda sana. Basi akutanapo na "angali mtoto" kitabuni, hudhani kwamba mwandishi amesahau kumaliza neno, na kwamba alitaka kusema "angalikuwa mtoto". Tumemsikia msomaji kanisani akisoma Warumi 5 namna hiyo, akatia "tungalikuwa", na sharti likaingia mahali ambapo Mtume hakuweka sharti lolote. Maneno mawili yaliyofanana sura, na lile lililo katika jedwali la sarufi ndilo lililoshinda.

Kabla hatujafika mwisho, neno moja juu ya adabu ya majibu, kwa kuwa wageni hukosea hapo kila mwaka. Mtu wa pwani aulizwapo kama amekula, ameoa, ana watoto, hapendi kusema "la" au "sina". Husema "bado". Mama aliyekaa na mumewe miaka kumi pasipo mtoto atasema "bado", au atasema kwamba Mungu hajamjalia, na wote wawili, Mwislamu na Mkristo, husema hivyo kwa sababu moja: kusema "sina" ni kama kumfungia Mungu mlango. Hii ni adabu, si ahadi. Mwalimu amwulizaye mzee kama amebatizwa, akajibiwa "bado", na asikimbilie kuandika jina lake katika daftari la watakao kubatizwa. Labda mzee amemheshimu tu. Na amwulize tena siku nyingine, kwa maneno mengine. Tena, aulizaye kwa kukana, "Hujabatizwa?" akajibiwa "Ndiyo," na ajue kwamba huyo amekubali kuwa hajabatizwa, Mwingereza angejibu "la" hapo. Daftari moja la ubatizo tulilolitazama lina majina matatu ya watu waliohesabiwa kuwa wamebatizwa kwingine kwa sababu ya "ndiyo" ya namna hii, na mkono wa baadaye umeyasahihisha.

Lakini wakati mwingine "bado" si adabu, wala "-ja-" si mazoea ya ulimi. Katika kijiji kimoja cha Bonde palikuwa na mtu mzima aliyekaa katika darasa la wakatekumeni miaka miwili. Ubatizo wake uliwekwa usiku wa kuamkia Pasaka. Akashikwa na homa katika masika, akafa usiku, siku tisa kabla, na mtu aliyetumwa kumwita mwalimu alikuta mto umefurika. Mwalimu alipofika asubuhi alifungua daftari, na mbele ya jina akaandika, "Hakubatizwa." Aliandika kweli. Tena alijua kwamba Kitabu cha Sala cha 1662 chakataza ibada yake ya maziko isisomwe kwa aliyekufa pasipo ubatizo, na neno hilo moja lilikuwa limekwisha kuamua mambo ya mchana ule.

Mjane wake hakujua kusoma, akauliza mwalimu ameandika nini. Akasomewa. Akasema, "Mwalimu, nakuomba usiandike hakubatizwa. Alikuwa hajabatizwa."

Mwalimu akamjibu kwa upole kwamba ni mamoja. Mama akasema si mamoja. Hakubatizwa ni jirani yao fulani, aliyekaribishwa miaka yote akacheka. Mumewe alikuwa njiani. Nguo yake nyeupe ilikuwa imekwisha kushonwa, nayo ilikuwa sandukuni. Mwalimu hakuwa na la kusema, akampelekea padre habari yote, pamoja na maneno ya mjane kama alivyoyasema.

Padre yule alikuwa mtu wa vitabu. Alikumbuka kwamba mwaka 392 Mtakatifu Ambrosio wa Milano alimzika Kaisari Valentiniano wa Pili, kijana aliyeuomba ubatizo akafa kabla hajaupata, na kwamba Ambrosio aliwafundisha waombolezaji kutokuhuzunika kwa ajili ya hilo, kwa kuwa aliyeomba kwa moyo alikuwa amepewa. Kanisa limeyashika mafundisho hayo, na huyaita ubatizo wa nia. Padre akaja kwa miguu siku ya pili, maji yalipopungua, akasali kaburini kwa sala alizozichagua mwenyewe, wala hakuisoma ile ibada iliyokatazwa. Kisha akaomba daftari.

Tumelishika daftari hilo mikononi mwetu. Neno la mwalimu limekatwa kwa mstari mmoja ulionyoka, na juu yake, kwa wino mwingine, pameandikwa "alikuwa hajabatizwa", pamoja na tarehe na herufi za kwanza za jina la padre.